Kuanza kazi yako ya ufundi mdogomdogo wa majumbani, Uingereza

Habari za jioni ndugu zangu,

Nimeingia Reading mwaka jana kwa viza ya mwenza. Dar nilikuwa fundi wa vitasa, milango, rangi na mabomba madogo. Sasa nafanya ghalani usiku na mwili unalalamika. Nataka kuanza kazi zangu mwenyewe za kurekebisha vitu majumbani. Drili ninayo, kigari kidogo ninacho. Kaka na dada mliotangulia, naanzia wapi? Na nikianza kimyakimya wikiendi kwanza, kuna ubaya?

---

Mdogo wangu, karibu sana.

Viza yako inakuruhusu kujiajiri, shukuru Mungu. Wenye viza ya mwanafunzi wasiiguse kazi hii hata Jumamosi moja, masharti yao yanakataza kujiajiri.

Hiyo kimyakimya ina kikomo. Mwaka wa kodi hapa unaanza 6 Aprili na kuisha 5 Aprili. Ukiingiza kwa ufundi zaidi ya pauni 1,000 ndani yake, kabla hujatoa hela ya mafuta wala ya skrubu, lazima ujiandikishe HMRC, yaani mamlaka ya kodi ya hapa, kufikia 5 Oktoba inayofuata, na ujaze hesabu mtandaoni na kulipa kufikia 31 Januari. Halafu kuna jambo wengi hawaambiwi: ile pauni 12,570 isiyokatwa kodi inaliwa na mshahara wako wa ghalani. Kwa hiyo faida ya ufundi inaweza kukatwa kuanzia pauni ya kwanza. Tenga robo ya kila unacholipwa, uiweke akaunti nyingine, uisahau. Na risiti zote tunza, hata ya misumari. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa nisikilize kwenye hili, maana liliniumiza. Mwaka wangu wa kwanza niliitwa kufunga rafu chumba cha juu. Sisi tumezoea kuta za tofali na bloku. Hapa kuta nyingi za ndani ni bodi za jipsamu zilizopigiliwa kwenye fremu za mbao, na nyuma yake ni uwazi ambamo mabomba na nyaya vinapita. Nilitoboa, drili ikalegea ghafla kama imepita kwenye boksi, halafu ikagusa kitu. Nilipoitoa maji yakanirukia usoni. Nikashuka ngazi mbio kutafuta koki kuu, mama mwenye nyumba naye hajui ilipo. Tuliikuta chini ya sinki la jikoni, nyuma ya ndoo na sabuni, imeshika kutu haizunguki. Mpaka inafunga, zulia limelowa na dari ya sebuleni imetota. Sikuwa na bima. Nililipa kidogokidogo miezi saba, na yule mama alinivumilia kwa utu wake tu.

Tangu siku hiyo sifungui begi kabla sijauliza koki kuu iko wapi, nikaifunga na kuifungua mwenyewe. Ukuta naupitishia kifaa cha kukagua mabomba na nyaya. Na bima ya kufidia mali au mwili wa mtu mwingine nimekata. Sheria haikulazimishi, lakini usitoboe hata tundu moja bila hiyo. Bima ya gari nayo waambie unalitumia kwa biashara.

Kuna kazi za kukataa. Gesi usiiguse kabisa, hata kuhamisha jiko, kama hujasajiliwa Gas Safe, ile orodha rasmi ya mafundi wa gesi. Ni kosa la jinai, na watu wanakufa. Umeme, kubadilisha soketi iliyochakaa kwa nyingine kama hiyo unaweza ukiwa na ujuzi. Kuvuta laini mpya au kubadili boksi la fyuzi mwachie fundi umeme aliyesajiliwa. Ukikuta dari yenye rangi ya mawimbimawimbi kwenye nyumba iliyojengwa kabla ya 2000, usiikwangue wala kuitoboa mpaka ipimwe, inaweza kuwa na asbesto. Vifusi vya kazi ukivibeba kwenye gari lako unahitaji usajili wa kubeba taka, na jalala la wakazi la halmashauri si la taka za biashara.

Bei. Hapa ndipo tunapogombana sisi kwa sisi. Utaitwa na ndugu, atakupikia pilau, mtaongea habari za nyumbani, na kazi ya saa tano italipwa pauni ishirini. Mimi kabla sijatoka nyumbani namtumia WhatsApp: kazi ni hii, vifaa ni kiasi hiki, ujira ni huu, nakuja siku hii. Kama ni mtu wangu wa karibu nampunguzia ujira na ninaandika nimepunguza ngapi. Vifaa sipunguzi, dukani sikupunguziwa. Wengine walinuna mwanzoni. Ndio hao sasa wananitafutia wateja kwa majirani zao, kwa sababu bei niliyoandika ndiyo ninayolipwa, sirudi na hadithi.

---

Kaka, shikamoo, na asante mno. Swali moja. Kuna kijana wa kwetu anataka nimchukue anisaidie kubeba na kushika ngazi, nimpe chochote mwisho wa siku. Hilo nalo lina masharti?

---

Marahaba. Linayo, tena mazito. Ukimwajiri, kwanza hakikisha ana haki ya kufanya kazi nchini na utunze ushahidi. Pili lazima uwe na bima ya mwajiri isiyopungua pauni milioni 5. Usipokuwa nayo faini inafika pauni 2,500 kwa kila siku. Akianguka kwenye hiyo ngazi utamlipia nini? Mwaka huu fanya peke yako, chagua kazi zinazowezekana kwa mikono miwili.

Kile kifaa changu cha kwanza cha kukagua ukuta bado kizima, kinataka betri tu. Jumapili baada ya saa nane nipo nyumbani, pita ukichukue.