Lamu: tuzuie miradi mahakamani, au tuketi na wawekezaji tudai masharti?

Mwana Mkomani (mwenye hoja)

Assalaam aleikum, jamaa. Kuna vijana na wafanyabiashara hapa Amu, mji wa Lamu, wanaotaka kuandikisha shirika lisilo la faida. Shabaha yao, wanasema, ni kusawazisha mazingira na uchumi. Kwa maoni yao, watetezi tulio nao wamezoea kukimbilia mahakamani, miradi inakwama na vijana wanabaki kukaa mabarazani. Shirika lao litaketi na serikali na wawekezaji, likubali mradi, kisha lidai masharti: ajira kwa wenyeji, maji taka yasafishwe, mikoko ipandwe upya.

Silipingi shirika. Naipinga hadithi linaloanzia, kwamba Lamu imezuia maendeleo. Hukumu mbili zinazotajwa kila siku zimesomwa na wachache.

Ya kwanza ni ya 2018, kuhusu bandari. Mahakama Kuu iliona kuwa wakazi hawakushirikishwa ipasavyo na kwamba riziki ya wavuvi imeguswa, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Je, bandari ilisimama? Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 20, 2021, na Rais Uhuru Kenyatta alikuja mwenyewe kulifungua.

Ya pili ni ya makaa ya mawe. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ilitoa leseni 2016 kwa kampuni ya Amu Power ijenge mtambo wa umeme wa megawati 1,050 pale Kwasasi. Wakazi na shirika la Save Lamu wakakata rufaa mbele ya NET, ile mahakama maalumu ya rufaa za mazingira, na Juni 26, 2019 leseni ikafutwa. Sababu kubwa ni kwamba mikutano na wananchi ilifanywa kabla ripoti ya athari haijakamilika. Watu waliulizwa maoni juu ya kitu ambacho hakijaandikwa! Ripoti yenyewe, ilipotoka, haikuipima ipasavyo Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016. Na NET haikusema mtambo usijengwe kamwe. Ilisema kampuni ikitaka kuendelea, ifanye tathmini upya kwa kufuata kila hatua ya sheria. Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ikaunga mkono uamuzi huo.

Basi usawa ulikuwa umeshawekwa na sheria, na mahali pake ni kabla ya leseni kutoka. Shirika jipya linataka kusawazisha wakati gani? Likija baada ya mradi kukubaliwa, litakuwa linajadili rangi ya milango ya nyumba iliyokwisha jengwa.

Kijana wa Hindi

Wa aleikum salaam, kaka. Umesema vizuri, ila umesema ukiwa Mkomani, mtaa wa mjini penye wageni na nyumba za kulala wageni. Njoo huku bara. Hindi, mji wetu wa bara ya Lamu, hatuna watalii. Mtambo ule ungejengwa kwetu, na mimi nilikuwa nimeshaomba kazi ya ulinzi na rafiki yangu ya udereva wa lori. Mkono mtupu haulambwi. Unasema NET haikukataza, lakini mwekezaji haketi miaka akingoja tathmini ya pili. Benki ya ICBC ya Uchina ilijitoa 2020. Kwa hiyo kisheria mradi haukukatazwa, kwa vitendo ulikufa. Sisi tunaishi kwenye vitendo.

Halafu mtaniambia hao wanaopinga wanalipwa na nani. Nauli za kwenda Nairobi, mawakili, makongamano ya hoteli. Fedha zinatoka ng'ambo.

Mwana Mkomani

Mdogo wangu, kazi ulizoomba zingekuwako, sibishi. Tena za ujenzi zingekuwa nyingi kuliko za uendeshaji, kama kawaida ya mitambo. Lakini tazama na bili. Mwaka 2019 kilele cha matumizi ya umeme Kenya nzima hakikufika megawati 2,000. Huu mmoja ulikuwa zaidi ya nusu ya hapo. Na mkataba wa namna ile huwa na tozo ya uwezo: mtambo ukiwa tayari unalipwa, umeme wake utumike usitumike. Angelipa nani? Wewe na mamako kwenye tokeni za umeme. Hilo ni suala la uchumi, wala si la kasa na matumbawe, na waliolipigia kelele ni hao hao unaowaita wapingaji.

La fedha za ng'ambo umelenga. Nitalirudia.

Mkata Boriti, Pate

Nimekuwa nasoma tu, sasa nasema.

Nyote mwazungumza bandari na makaa. Mimi nakata mikoko, kama babangu. Lamu ina zaidi ya hektari 37,000 za mikoko, karibu asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya. Tulikuwa tukikata kwa leseni ya Huduma ya Misitu, kwa korja (ishirini ishirini), kwa unene: fito, pau, boriti, nguzo. Februari 2018 serikali ikapiga marufuku ukataji wa miti katika misitu yote ya umma kwa siku 90, kisha ikaongeza na kuongeza. Sababu yao ilikuwa mito ya bara inakauka. Mito ikakauka kwao, shoka likakamatwa Pate! Mkoko wanywa maji ya chumvi, una habari gani na mito ya msitu wa Mau?

Hakuna aliyekuja kutuuliza. Wakati huo sikumwona wakili yeyote wa mazingira akishuka kwetu na faili. Bandari ilipochimba mlango wa bahari, mawakili walikuja. Nilipofungiwa mimi kwa jina la mazingira, nikaambiwa nivumilie kwa ajili ya wajukuu. Wajukuu ninao, na walikuwa wanataka kula.

Nisieleweke kuwa nataka ukataji holela. Ile aina iitwayo mkoko wenyewe ukiukata chini ya majani haurudi, umekufa. Mchu, aina nyingine ya mikoko, ukiukata huchipua. Mambo haya twayajua, na wako wenzetu wanaoyajua na bado wanafyeka hadi vijiti. Hao washikwe. Lakini kuwashika hao ni kazi, na kupiga marufuku ni tangazo moja tu la asubuhi.

Tena mji wenyewe wa Amu mnaojivunia, uliowekwa kwenye urithi wa dunia 2001, dari zake ni boriti zetu. Upana wa vyumba vyenu ulipimwa kwa urefu wa boriti. Mkitaka kukarabati kwa kanuni za urithi mnanihitaji, mkitaka kulinda msitu mnanikataza.

Langoni Mmoja

Mzee umemaliza maneno. Fundi wangu alinisimamishia dari kwa mbao za kununua Mombasa, na watu wa urithi wakanigombeza.

Mama Gongoni

Hodi, natoka Malindi upande wa Magarini, mniwie radhi kuingia kwa majirani.

Kwetu masharti ya kuketi mezani tumeyaona tangu zamani, kwenye chumvi. Viwanda vya chumvi viliingia na ahadi za kazi, barabara na shule. Malalamiko ya ardhi, ya visima kuingia chumvi na ya ujira mdogo yakawa mengi hadi Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ikaja kufanya uchunguzi wa hadhara, ripoti ikatoka 2006. Masharti bila mtu wa kuyapima kila mwaka ni karatasi. Kijana wa Hindi, mwanangu, kazi utapata. Muulize mchota chumvi analipwaje na anavaa nini miguuni, ndipo uje tuzungumze usawa.

Na hilo shirika la kusawazisha, nauliza kama mtu mzima: litalishwa na nani? Watetezi wanakula fedha za wafadhili, sawa, amesema kijana. Hawa nao wakilishwa na kampuni itakayojenga, tutawaita wasawazishaji au wasemaji wa kampuni? Kikulacho ki nguoni mwako.

Kijana wa Hindi

Shikamoo mama. Basi kote kuna mlishaji. Afadhali basi tuwe na pande mbili zenye walishaji tofauti kuliko upande mmoja peke yake. Sasa hivi anayeitwa sauti ya jamii ni yule anayepinga. Anayetaka kazi anaitwa amenunuliwa. Hilo ndilo linaloniuma.

Mwana Mkomani

Umesema kweli, na si kawaida yangu kukubali upesi hivi. Mtu anayetaka kazi ni jamii vilevile.

La walishaji: Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyoanza kutumika Mei 2024, ndiyo watakayojiandikishia. Mimi ningetaka waende mbali kuliko inavyowataka. Kila shilingi na mtoaji wake ibandikwe ukutani, kwa Kiswahili, na wasipokee chochote kutoka kwa kampuni ambayo maombi yake ya leseni yako mezani NEMA. Save Lamu na wengine nao wabandike zao. Atakayekataa tutajua la kumwita.

La Mkata Boriti limenishika zaidi. Tulishinda Kwasasi kwa hoja kwamba watu hawakuulizwa kwa wakati. Hoja hiyo hiyo ilimhusu yeye 2018, na wengi wetu hatukuisema kwa kuwa marufuku ilikuja imevaa kijani. Shirika la kusawazisha lingekuwa na kazi halali hapo: amri ya uhifadhi nayo ipite kwenye kipimo kile kile kinachopitishiwa bandari. Nani anaumia, kaulizwa lini, atafidiwa nini. Kifungu cha 69 cha Katiba kinaitaka serikali ihimize ushiriki wa wananchi katika kulinda mazingira, na hakikuandika kwamba ni siku ya mradi tu.

Hata biashara ya kaboni, yaani kulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na msitu, inatujia. Gazi kule Kwale wanauza kaboni ya mikoko tangu 2013 na fedha zimeingia kwenye maji na shule. Marekebisho ya sheria ya tabianchi ya 2023 yanasema miradi ya ardhini iipe jamii asilimia 40 au zaidi ya mapato ya kila mwaka. Lakini jamii ni nani? Ikiwa ni kamati ya mjini, mkataji wa Pate atafungiwa msitu mara ya pili, na safari hii kwa mkataba wa miaka mingi.

Mkata Boriti, Pate

Hapo umenena. Kaboni nimeshaletewa karatasi yake, ya Kiingereza, nikaambiwa nitie kidole. Sikutia.

Wakija hao wasawazishaji nitaingia, ila nina sharti langu. Mikutano yenu ya kukusanya maoni huitishwa Mokowe, hotelini, tena wakati wa bamvua, ambapo ndipo maji yanajaa vijitoni na jahazi laweza kuingia kupakia. Siku hizo sisi tuko msituni. Mnajaza ukumbi kwa watu wa mjini na karatasi ya mahudhurio inaandikwa wenyeji walishiriki. Mikutano iwe Pate, Siyu, Faza, Kizingitini, na iwe maji mafu, siku maji hayajai sana. Waandike hilo la maji kwenye katiba ya shirika, kabla hawajaandika nani mwenyekiti.

Kijana wa Hindi

Na Hindi, mzee. Usitusahau Hindi. Sisi hatuna bamvua, tuna siku ya soko.