Mashine ya kahawa ya kikombe kimoja nyumbani: kapsuli, moka, AeroPress au plunja?

Mama_Segerea
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kabla sijatoa hela.

Nyumbani kwangu mnywaji wa kahawa ni mimi peke yangu. Mume na watoto wote ni chai ya maziwa. Naamka saa kumi na moja alfajiri, saa kumi na mbili na robo nipo kituoni, na katikati hapo kuna kuandaa watoto. Nikijibana sana napata dakika saba au nane za kahawa yangu, kikombe kimoja kikubwa, basi. Miaka yote nimekunywa ya kopo, kijiko kimoja na maji ya moto. Juzi nilikwenda Moshi msibani, nikakaa siku nne, shemeji akawa ananitengenezea kahawa iliyosagwa asubuhi ileile. Tangu nirudi, ya kopo haishuki kooni.

Mdogo wangu yuko Marekani, anakuja Desemba, amesema ataniletea Keurig, mashine ya umeme ya kahawa ya kapsuli, vile vikopo vidogo vyenye kahawa ndani. Jirani yangu ana Nespresso, nayo ya kapsuli, na anaisifu. Kariakoo nimeona yale mabirika madogo ya alumini yenye pembepembe, na plunja za kioo. Sitaki kitu cha kuishia kabatini. Umeme kwetu unakatika, natumia Luku, jiko ni la gesi. Mngekuwa ninyi mngechukua kipi?

Fundi_Tabata
Dada, tuanze na umeme, maana hapo ndipo watu wanapotupa hela. Mwambie mdogo wako asibebe mashine yoyote ya kuchemsha kutoka kule. Marekani wanatumia volti 120, sisi 230. Koili ya kuchemshia ikipewa volti karibu mara mbili, umeme inaovuta unapanda karibu mara nne. Mashine iliyoandikwa wati 1,500 itataka kuvuta zaidi ya 5,000. Inaungua hapohapo, na wakati mwingine soketi inakwenda nayo. Nimeshafungua kadhaa mezani kwangu, zimeletwa zawadi, hazijatoa hata kikombe kimoja.

Transfoma ya kushusha umeme ipo, lakini kwa mzigo huo utataka ya wati 2,000 au zaidi. Ni dude zito la kukaa jikoni siku zote kwa sababu ya kikombe kimoja.

Kuhusu Luku usiwe na hofu. Kuchemsha mililita 250 za maji kunakula kama sehemu mbili na nusu za mia ya uniti. Yaani uniti moja inachemsha vikombe karibu 40, mradi usiache mashine inapasha bure. Wanaopata shida ni wenye sola na inveta ndogo. Matumizi ni kidogo ila mvuto wa mara moja ni mkubwa, na inveta ya wati 1,000 inajizima.

Kibosho_Juu
Pole kwa msiba dada. Kahawa uliyokunywa Moshi huenda imetoka kihambani kwa mtu ninayemfahamu.

Mimi ningeuliza kwanza: kahawa ya mwezi Februari utainunua duka gani? Desemba mdogo wako ataleta kapsuli za kutosha. Zikiisha?

Halafu piga hesabu hii. Kapsuli moja ya Nespresso ya kawaida ina kahawa gramu 5 hadi 6. Boksi la kapsuli 10 ni kama gramu 55. Pakiti ya gramu 250 ya kahawa ya Kilimanjaro au Mbinga ina kahawa sawa na maboksi manne na nusu. Chukua bei ya boksi unalouziwa Dar, zidisha kwa nne na nusu, linganisha na pakiti. Usisahau kwamba kikombe chako ni kikubwa, na gramu 5 hazitoshi mililita 250. Kikombe cha namna hiyo kinataka gramu 15, ndiyo kahawa uliyoonja kwa shemeji.

Na inaniuma, nasema kutoka moyoni. Wazee wetu wanachuma kahawa punje kwa punje, inasafirishwa mbichi, inakaangwa na kufungwa Uswisi, halafu mtu wa Segerea anaagiza irudi ikiwa ndani ya kikopo cha alumini.

UmmuSalim_Muscat
Natofautiana nanyi kidogo, na sizungumzi kwa kubisha.

Mimi ni muuguzi, niko Muscat mwaka wa tisa, zamu zangu za usiku. Nina Nespresso ndogo na sijajuta siku moja. Pampu yake inasukuma maji kwa mgandamizo unaofika baa 19 (baa ni kipimo cha mgandamizo), na espresso, ile kahawa nzito ya Kiitaliano, inataka kama baa 9, kwa hiyo unapata kahawa nzito yenye povu juu ambayo moka, lile birika la pembepembe, haiwezi kuitoa. Saa tisa usiku sina nguvu ya kupima wala kusafisha. Nabonyeza, nakunywa, natupa. Kapsuli ziko supamaketi ya chini ya nyumba, na kwa sababu hataza za awali (haki za mbunifu) zimekwisha, kampuni nyingi zinatengeneza za kufanana nazo, bei nafuu. Kahawa ya Kiomani yenye iliki, ya finjani na tende, hiyo ni ya wageni na ya kukaa chini. Ya kazini ni hii.

Lakini nitasema ukweli wote. Dada yangu Unguja nilimpa ile ya kwanza nilipobadilisha. Miezi mitatu ikakaa kimya kwa kukosa kapsuli. Sasa anatumia kapsuli za chuma cha pua za kujaza mwenyewe. Zinafanya kazi, ila kahawa isagwe laini sana, ujaze mpaka ukingoni, ushindilie kidogo tu, na kila baada ya kikombe uoshe. Ukifika hapo, urahisi uliokufanya ununue mashine umekwisha. Ukinunua hata hivyo, usichukue aina ya Vertuo. Ile inasoma alama iliyochapwa kwenye ukingo wa kapsuli ndipo ijue izungushe vipi, na kuibadilishia kapsuli ni tabu.

Na maji. Kama mnatumia maji ya kisima yenye chumvi, utando mweupe unaouona kwenye birika lako unajijenga ndani ya mashine pia, usikouona. Lazima uisafishe mara kwa mara kwa unga wa tindikali ya limau, la sivyo njia zinaziba.

Bin_Kibokoni
Asalaam aleikum nyote. Mombasa hapa. Nimekulia kwenye kahawa ya dele, kahawa chungu na tangawizi jioni barazani, kwa hivyo kwangu kahawa ikiwa nyepesi naihesabu maji.

Dada wa Segerea, hilo birika la pembepembe uliloliona linaitwa moka. Alfonso Bialetti wa Italia alilitoa mwaka 1933 na mpaka leo halijabadilika sana, kwa kuwa halina cha kuharibika zaidi ya mpira mmoja wa duara. Halitaki umeme wala kapsuli wala karatasi. Gesi yako yatosha. Umeme ukikatika saa kumi na moja alfajiri, weye huna habari.

Ila watu hulichoma kahawa kisha wakalilaumu, basi nisikilize vizuri.

Kwanza ukubwa. Lile la "kikombe kimoja" latoa kikombe cha Kiitaliano, mililita 50 au 60, kama finjani. Na moka halijazwi nusu, latengenezwa kujazwa lote. Kwa kikombe chako kikubwa nunua la vikombe vitatu. Lachukua kahawa gramu kama 15 na maji kama mililita 150. Ikitoka waiongeza maji ya moto kwenye kikombe mpaka ifike unapotaka.

Pili, maji yatiwe tayari yamechemka, yasipite ile vali ndogo ya ubavuni. Ukitia maji baridi, kahawa yakaa juu ya chuma cha moto dakika kadhaa kabla maji hayajapanda, yaungua. Shika kwa kitambaa unapofunga, maana chini pana moto. Kahawa jaza usawa wa ukingo, pangusa kwa kidole, usishindilie. Ukishindilia mvuke wakosa pa kupita, na vali ile ndiyo usalama wako, usiache izibe na ukoko.

Tatu, moto mdogo kabisa, kifuniko wazi. Itatoka ya rangi ya asali nzito, taratibu. Ikianza kuwa nyeupe na kukoroma, ondoa, weka kitako kwenye kitambaa kilicholowa maji ya baridi. Kile kinachotoka baada ya kukoroma ni uchungu mtupu.

Iliki yaweza kuchanganywa na kahawa, punje mbili zilizopondwa. Tangawizi tia kikombeni. Ya unga ukiitia kwenye chujio yavimba na kuziba. Usisugue alumini kwa steliwaya.

Mama_Segerea
Nawashukuru sana, nimejifunza mengi kwa siku moja. Maswali mawili. Jiko langu lina vyuma vya kuwekea sufuria vilivyo mbali mbali, birika dogo si litadondoka? Na kahawa ya kusagwa ya dukani inafaa, au lazima nisage?

Bin_Kibokoni
Litayumba kweli. Kuna kichuma kidogo cha msalaba cha kulazwa juu ya jiko, fundi wa kuchomelea atakutengenezea kwa muda mfupi. Mimi nimefanya hivyo.

Mzazi_Nyeri
Naingia hapo kwa kusaga, kwa sababu naona ndipo ladha ya Moshi ilipokuwa.

Kahawa ikishasagwa harufu inaanza kuondoka saa ileile. Pakiti ya kusagwa ikifunguliwa, ndani ya wiki mbili utakuwa unakunywa kitu kingine. Nunua punje, na kisagio cha mkono chenye meno ya kusaga, si kile cha umeme chenye kisu kinachozunguka. Cha kisu kinatoa unga na mawe pamoja: unga unaleta uchungu, mawe yanaleta maji, zote kwenye kikombe kimoja. Kusaga gramu 15 kwa mkono ni kama dakika moja. Ningekuwa na hela ya kitu kimoja cha maana, ningeiweka kwenye kisagio, chombo cha kutengenezea kingefuata baadaye.

Chombo changu ni AeroPress. Aliyeibuni ni Alan Adler, mhandisi wa California, ikatoka mwaka 2005. Ni bomba la plastiki na kisukumio kama sindano ya hospitali. Unaweka kahawa gramu 15, maji yaliyotulia kidogo baada ya kuchemka, unakoroga, unasubiri dakika moja na kidogo, unasukuma. Makapi yanatoka yameshikana kama keki, unayasukumia kwenye ndoo ya taka, unasuuza, umemaliza. Mtoto akiiangusha haivunjiki.

Ina karatasi ndogo ya kuchuja. Naona wengi wanaiona kero, lakini mama yangu aliambiwa na daktari kwamba kolesteroli yake imepanda, na hapo nikajifunza kwamba mafuta ya asili ya kahawa yana kitu kinachoitwa kafestoli, kinachopandisha kolesteroli mbaya. Karatasi inakizuia karibu chote. Kahawa ya kuchemshwa na ya plunja ndizo zinazokibeba zaidi. Kwa mtu wa vikombe vitano kwa siku hilo si jambo dogo. Karatasi hizo ni nyepesi, mdogo wako anaweza kukubebea za mwaka mzima.

Kahama_Kwetu
Nitetee plunja kwa ufupi. Inapatikana kila mahali, haina karatasi, unasaga chengachenga, maji, dakika nne, unabonyeza. Nimevunja kioo mara mbili, sasa nina ya chuma cha pua. Machicha kidogo chini ya kikombe yapo. Mimi hayanisumbui.

Mtanga_Minneapolis
Nathibitisha alichosema Fundi. Usiletewe Keurig. Kazini kwetu ipo, na kwa ofisi ya watu 30 wasioelewana ladha inafaa. Nyumbani niliishi nayo miaka mitatu. Maji yanalala ndani ya tangi, kuisafisha ni kazi, na kahawa yake ni nyepesi kwa mtu aliyezoea ya nyumbani. Taka nazo zinaudhi. John Sylvan, mmoja wa waliobuni zile kapsuli za plastiki za Keurig, alisema hadharani mwaka 2015 kwamba wakati mwingine anajutia kuzibuni. Mwaka uliofuata jiji la Hamburg, Ujerumani, likapiga marufuku kununua kahawa ya kapsuli kwa hela ya serikali.

Mdogo wako akuletee AeroPress na kisagio cha mkono. Vyote vinaingia kwenye pembe ya sanduku, na havijui volti.

Mama_Segerea
Nimerudi na majibu. Jumamosi nimechukua moka la vikombe vitatu Kariakoo, maana Desemba ni mbali. Kichuma cha msalaba nimechomelewa hapa mtaani. Mdogo wangu nimemwambia kisagio na AeroPress, ameshukuru kwa kupunguziwa mzigo.

Leo ni siku ya tatu. Ya kwanza ilikuwa chungu sana. Jana afadhali. Leo nimetumia maji ya moto kama alivyosema Bin Kibokoni, imetoka taratibu, harufu imejaa jikoni mpaka mume wangu akauliza. Dakika sita kwa jumla. Lakini kuna maji yanavuja katikati, pale linapofungwa. Ni bovu?

Bin_Kibokoni
Hongera! Si bovu. Tazama mambo mawili: punje za kahawa kwenye ukingo wa chujio, hizo huzuia mpira kukaa, na pili kukaza. Ukitia maji ya moto watu huogopa kuungua wakakaza nusu. Pangusa ukingo, shika kwa kitambaa kinene, kaza kwa kushika mwili wa birika. Usikaze kwa mpini, utakatika.

Mama_Segerea
Ilikuwa kahawa ukingoni. Asubuhi hii halijavuja hata tone.