Subnautica inavunja sheria zake yenyewe, na tumechoka kuambiwa kwamba ni mchezo tu

Ndugu wanajukwaa,

Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha, kwa maana kila anayethubutu kuhoji mantiki ya Subnautica, mchezo wa video wa kunusurika ndani ya bahari ya sayari ngeni, hujibiwa kwamba ni mchezo tu, na mjadala ukaishia hapo. Silalamikii sayari ya kubuni wala samaki wa ajabu. Hayo niliyakubali tangu mwanzo. Ninacholalamikia ni kwamba waandishi wa mchezo huu, uliotoka rasmi Januari 2018, walitunga sheria wao wenyewe, wakamlazimisha mchezaji azitii kwa saa nyingi, kisha wakazivunja wao bila kutoa maelezo yoyote.

Tuanze na kina cha maji, ambacho ndicho uti wa mgongo wa mchezo mzima. Seamoth, ile nyambizi ndogo ya mtu mmoja, haivumilii zaidi ya mita 200 mpaka uiongezee vifaa, na hata ukivifunga vyote, ikishapita mita 900 inaanza kupondeka. Cyclops, ile kubwa, huanzia mita 500. Kwa hiyo tunachimba madini, tunaunda vifaa, tunahesabu kila mita, na hesabu hiyo ndiyo inayoleta hofu na utamu wa mchezo. Sasa ishushe Cyclops hadi mita 1,300, kule kwenye volkano, kisha utoke nje ukiwa na suti ya kuzamia tu. Mgandamizo wa mahali hapo ni takriban mara 130 ya ule wa juu ya bahari, lakini Ryley Robinson, mhusika tunayemchezesha, anaogelea bila kuguswa na chochote isipokuwa joto na upungufu wa hewa. Watetezi husema suti hiyo ni ya teknolojia ya karne zijazo. Kama ni hivyo, nielezwe kwa nini teknolojia inayomlinda mtu mwenye mwili wa nyama haikuweza kuilinda Seamoth, iliyoundwa kwa titani na kioo.

Kupanda nako ni vivyo hivyo. Mwaka 2014 Mmisri Ahmed Gabr alizamia kwa mitungi hadi mita 332 katika Bahari ya Shamu; kushuka hakukumchukua hata nusu saa, lakini kurudi juu kulimchukua zaidi ya saa 13, kwa sababu gesi iliyoyeyuka mwilini lazima itoke polepole, la sivyo hufanya mapovu ndani ya damu na kumlemaza au kumuua mzamiaji. Ryley hupanda kutoka kina kikubwa kuliko hicho kwa mkupuo mmoja, akafika juu na kuendelea na shughuli zake.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba watengenezaji hawa wanaijua fizikia vizuri. Ukipita mita 100 bila ile barakoa inayosafisha hewa uliyoitoa na kukurudishia uivute tena, oksijeni huisha haraka zaidi. Ukiivaa, kasi hiyo hurudi kuwa ya kawaida. Hivyo ndivyo vifaa vya aina hiyo vinavyofanya kazi katika uzamiaji halisi, na ninawapongeza kwa hilo kwa dhati. Basi angalieni chumba cha kuegeshea nyambizi kwenye vituo vyetu. Sakafu yake ina uwazi mkubwa, maji yapo pale chini na hayapandi. Maji hayawezi kubaki chini namna hiyo isipokuwa hewa ya ndani iwe na mgandamizo sawa na wa maji ya nje, maana yake kwenye mita 1,000 ni takriban mara 100 ya kawaida, na hewa ya kawaida ikivutwa kwa kiwango hicho, oksijeni yenyewe hugeuka sumu. Tena, kama mgandamizo wa ndani na wa nje ni sawa, kituo hakiwezi kupondeka. Lakini mchezo huohuo unahesabu uimara wa kuta kulingana na kina, unakupunguzia alama unapojenga chumba hicho, na uimara ukiisha kituo kinavuja na kujaa maji. Mambo hayo mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja.

Uzembe huo haukuishia kwenye fizikia. Redio ya chombo cha uokoaji ukishaitengeneza inapokea ujumbe kutoka kila upande, lakini hakuna hata mara moja unapoweza kujibu. Unaweza kuingia ndani ya mzinga ulioidungua Aurora, meli ya anga iliyomleta Ryley, ukafahamu kazi yake, na Sunbeam, meli nyingine ya anga, ingali njiani kuja kukuokoa. Utakachoruhusiwa ni kusimama na kutazama watu wale wakiteketea. Mwishoni mzinga unakuchoma sindano, unakuta umepona ugonjwa wa bakteria ulioenea kwenye sayari, unakubali kuzimwa. Karantini ya sayari nzima inaondolewa kwa kipimo cha damu ya mtu mmoja, ilhali watoto wa Sea Emperor, kiumbe mkubwa wa baharini, wanaobeba dawa ndiyo kwanza wameanguliwa, na hakuna aliyempima hata samaki mmoja.

Below Zero ya mwaka 2021, mchezo uliofuata Subnautica, ilikuwa nafasi ya kujirekebisha, na imeharibu zaidi. Mhusika wake mkuu, Robin Ayou, akitembea juu ya barafu joto la mwili wake hushuka hadi kumuua, lakini akiogelea katika bahari ya barafu hiyohiyo halishuki, wakati kila mvuvi anajua kwamba maji baridi hupoza mwili haraka kuliko upepo. Hadithi iliandikwa upya katikati ya utengenezaji, na Sam, dada yake Robin, ambaye katika toleo la awali alikuwa hai, akageuzwa kuwa marehemu. Matokeo yake, Robin anavunja sheria na kuhatarisha maisha ili ajue kilichomuua dada yake, lakini mchezo unamruhusu kumjengea mwili AL-AN, kiumbe mgeni aliyehifadhiwa akilini mwake, na kuondoka naye bila kuitumia ile dawa ya kuua bakteria ambayo Sam aliifia. Bakteria wanabaki ndani ya barafu, mikononi mwa Alterra, kampuni aliyoifanyia kazi Sam, na mchezo unakuhesabia kwamba umemaliza.

Mtakaonipinga, karibuni, lakini naomba mnijibu swali la chumba cha kuegeshea nyambizi: mgandamizo wa hewa ya humo ni kiasi gani, na kama unalingana na wa maji, kuta zinapondwa na nini?