Mama mkwe kampa kichanga maji na uji, niache kunyonyesha?

mke_wa_mvuvi (Kome): Habari zenu wapendwa. Nina mtoto wa wiki tatu, wa kiume, alizaliwa na kilo 3.1. Nina VVU, dawa nilianza mimba ikiwa na miezi minne, kidonge kila usiku, sijaruka. Mtoto nampa nevirapini, dawa ya maji ya kumkinga na virusi, asubuhi, mililita moja na nusu kwa bomba lisilo na sindano, namdondoshea pembeni ya shavu ili asiteme. Baba yake anajua hali yangu, ila sasa hivi ni giza la mwezi, yuko ziwani anavua dagaa. Mama mkwe ndiye amekuja kunilea uzazi, na yeye hajui.

Jana wingu lilitanda nikakimbia kuanua dagaa. Kurudi nakuta kikombe cha maji ya sukari na kijiko kina uji. Ati mtoto analia njaa. Jirani ananiambia akishachanganyiwa ziwa na vyakula vingine, ziwa niache kabisa nimpe maziwa ya kopo. Kopo siliwezi. Niache kweli? Na mama nimwambieje bila kumwambia?

nesi_wa_zamu: Hongera mdogo wangu. Usimwachishe. Uji na maji kabla ya miezi sita ni vibaya, vinaudhuru utumbo wa kichanga na kumharisha. Lakini mama anayemeza dawa sawasawa haachi kunyonyesha kwa sababu mtoto kaonjeshwa uji. Kinachomkinga ni hivyo vidonge vyako. Bila huduma yoyote, watoto 15 hadi 45 kati ya 100 huambukizwa. Mama akitumia dawa vizuri, hawafiki 5. Rudi kwenye maziwa yako peke yake kuanzia leo. Wiki ya sita atatobolewa kisigino, matone ya damu yanakaushwa kwenye karatasi na kupelekwa maabara kupimwa virusi, na ataanza septrini, dawa ya kumkinga na magonjwa nyemelezi. Akiwa hana virusi, bado atapimwa tena, mpaka miezi 18 na ziwa ameshaacha. Chuchu ikichanika au titi likivimba, wahi kituoni. Majibu yako ya HVL, kile kipimo cha wingi wa virusi kwenye damu, yanasemaje?

mama_kulwa (Sengerema): Pole mwenzangu, mimi nimepita hapo na pacha wangu, wako darasa la pili na wazima. Hiyo ya maziwa tu miezi sita wanaambiwa akina mama wote, wenye virusi na wasio navyo. Basi nenda na mama kliniki siku ya kupima uzito, alisikie kwa nesi pale kwenye benchi pamoja na wengine. Ila mtangulie nesi umnong'oneze kwamba mama hajui. Na nyumbani mpe kazi ya kumwogesha mjukuu, asijione kanyang'anywa.

mke_wa_mvuvi: Asanteni, nimelia. Alhamisi naenda naye. Dada nesi, HVL nilitolewa damu mimba ikiwa na miezi minane, majibu sijapewa.

nesi_wa_zamu: Usingoje Alhamisi, kesho asubuhi nenda kayadai. Virusi vikizidi 1,000 kwa mililita moja ya damu, nevirapini peke yake haimtoshi mtoto, na hilo halisubiri wiki ya sita.