Msaada tutani: RAV4 auto imevutwa toka Moshi matairi yote chini, sasa gia inagoma

Kijana wa Usa:
Wakuu habari zenu. Bosi wangu ni Mjerumani mstaafu, ana lile lori la kuishi ndani, kitanda jiko choo humohumo, na nyuma huwa anafunga RAV4 ya 2002 auto four wheel kwa chuma cha pembe tatu ili lori likibaki kambini tuzunguke na kagari kadogo. Juzi tumeivuta toka Moshi mpaka Usa River, gia iko N, injini imezimwa. Kufika, nikiweka D inakaa kwanza ndo inashtuka kwa kishindo, na chini kuna mlio wa kusaga. Nimechomoa stiki ya giaboksi, hydroliki (oil ya giaboksi) nyeusi inanuka kuungua. Fundi mmoja wa Unga Limited, Arusha, anasema mwaga weka mpya, imeisha hiyo. Kweli?

Mzee wa Sakina:
Si N ndiyo nyutro jamani, gari linabiringika tu. Mlinunua mbovu hiyo.

Spana 17:
Hapana mzee wangu. Kwenye auto pampu ya hydroliki inazungushwa na injini. Injini ikizimwa pampu imelala, ila matairi yanaendelea kuzungusha shafti na gia za ndani bila oil kufika, kwa safari kama hiyo lazima zile bushi zichemke. Na RAV4 hiyo ni four wheel muda wote, haina mkono wa kuitoa, hata ukifungua propela ya nyuma matairi ya mbele bado yanazungusha giaboksi ileile. Bridauni ya kunyanyua mbele tu nayo inaua ile viskasi ya katikati, kile kifaa kinachounganisha nguvu ya mbele na nyuma. Hiyo inapakiwa juu ya lori, basi.
Kijana, usinunue hydroliki kwanza. Fungua sampu, lile bakuli la oil chini ya giaboksi, uangalie sumaku zake. Tope laini la kijivu kidogo ni kawaida, ukikuta vipande vinavyong'aa au vumbi jeusi jingi ujue zile bushi na klachi plate zimeshaondoka, hapo oil mpya ni kumwaga hela tu.

Kijana wa Usa:
Duh. Na Jumatatu anataka twende Karatu 😩

Mama Escudo:
Mwambie atafute Suzuki Escudo za zamani zenye mkono wa transfa wenye N (transfa ni kaboksi kanakogawa nguvu mbele na nyuma, kakiwa N matairi hayazungushi giaboksi). Transfa N, giaboksi P kama ni auto, gia ya pili kama ni manyuo, funguo usiitoe usukani usije ukajifunga. Kila kilomita 300 mnasimama, mnawasha injini dakika moja ikiwa kwenye gia, transfa hukohuko N, oil ijizungushe. Ila msichukue Jimny za kubonyeza batani, zile hazina N kwenye transfa.

Spana 17:
Nakubaliana na mama. Kabla hamjafunga chuma washa gari uweke D, likisogea hata kidogo transfa haijakaa N. Na hiyo RAV4 kijana msiivute tena, hata kuileta gereji.