Hivi hizi nyuzi joto mnazotusomea kwenye taarifa ya habari ni za nani?

Wakuu, leo nimekereka, acha niseme.

Taarifa ya habari ikiisha inatokea ramani ya nchi, mtangazaji anamwaga namba mbio mbio: Dar es Salaam 31, Dodoma 29, Tanga 30, Njombe 20. Mara tangazo la sabuni. Basi, imetoka hiyo. Namba moja kwa mkoa mzima! Na hiyo 20 ni ya saa tisa alasiri au ya alfajiri? Hawasemi.

Sisi tunaolima viazi huku Makete, mkoani Njombe, joto la mchana halitusumbui. Tunataka kujua usiku litashuka hadi ngapi, maana mwezi wa sita na wa saba ndipo sakitu, yaani umande ulioganda kuwa barafu, inapopiga. Unaamka shamba limekuwa jeupe, jua likipanda majani yanalegea kama mchicha uliomwagiwa maji ya moto, jioni yameshakuwa meusi. Mbegu, mbolea, hela ya vibarua, kwishnei. Na jana yake umeambiwa "Njombe 20".

Njombe ipi sasa? Mjini pale ni karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, uwanda wa Kitulo huku Makete unapita 2,600. Kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua kama nyuzi 6, hili hata mtoto wa sekondari analijua. Halafu kipimajoto cha kituo kinakaa kwenye kile kibanda cheupe, zaidi ya mita moja kutoka ardhini. Usiku usio na mawingu wala upepo, huku chini kwenye majani baridi ni kali kuliko pale juu. Kwa hiyo hata wakisoma nyuzi 3, viazi vyangu vinaweza kuwa vimeshaungua.

Ndugu zetu wa Lushoto nao wanasomewa joto la Tanga mjini, ufukweni kabisa, wakati wao wako mita 1,400 huko juu wamejifunga masweta. Kisa mkoa ni mmoja!

Na asije mtu hapa na "pakua programu kwenye simu". Jirani yangu ana kitochi na redio ya betri, anapakua nini?

Tupeni kiwango cha chini cha usiku na cha juu cha mchana. Mkoa wenye milima usomewe zaidi ya mji mmoja. Kama humu kuna anayefanya kazi kwenye hizo televisheni, ajitokeze atueleze nani anachagua hizo namba.