Kenya na ICC: hoja ya "uhuru wa taifa" ililenga masikio ya nani?

Darubini: Wakuu, naandika kuhusu sera ya nje ya Kenya, 2009 hadi 2014. Nitapimaje kama hoja ya kwamba ICC, yaani Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliyoko The Hague, ni "mahakama ya kikoloni" ilitungwa kwa ajili ya wapiga kura au kwa ajili ya mataifa mengine?

Hansadi: Anza na tarehe. Februari 2009 Bunge liliangusha mswada wa mahakama maalum ya ndani ya kusikiliza kesi za ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, na baadhi ya wabunge walitaka kabisa kesi ziende The Hague. Tarehe 15 Desemba 2010 Ocampo, mwendesha mashtaka wa ICC, akataja watuhumiwa sita, wakiwemo Uhuru Kenyatta na William Ruto. Wiki moja tu baadaye, tarehe 22, Bunge lilelile likapitisha hoja ya kujitoa kwenye Mkataba wa Roma, ule ulioanzisha ICC.

Halafu soma ibara ya 127 ya mkataba huo. Kujitoa kunataka barua kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, kunaanza kazi baada ya mwaka mmoja, na hakufuti kesi zilizokwishaanza. Hoja ilipita tena Septemba 2013, lakini barua haikupelekwa, na Kenya bado ni mwanachama. Kwangu huo ndio ushahidi mzito kuliko hotuba zote kwamba hoja ililenga wapiga kura.

Kalamu: Sawa mkuu, ila asiishie kuiita propaganda. Hoja ilipata pa kushika: wakati huo kesi zote za mahakama ile zilihusu Afrika. Na Februari 2013, Johnnie Carson, mwanadiplomasia wa Marekani, alipoonya kuwa chaguo la wapiga kura lina matokeo yake, Jubilee, muungano wa Kenyatta na Ruto, walipata mfano hai wa kuingiliwa. Uchaguzi ulikuwa tarehe 4 Machi. Kenyatta akapita kwa 50.07%.

Darubini: Na huko nje ilifua dafu?

Hansadi: Addis Ababa, Oktoba 2013, ndiyo: Umoja wa Afrika ulisimama na Kenya. New York ilikwama. Ibara ya 16 ya Mkataba wa Roma inaruhusu Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kuahirisha kesi kwa miezi 12, kwa kura 9 kati ya 15. Zilipatikana 7, nchi 8 zikajizuia. Usiandike kwamba ni veto. Wengi hukosea hapo.

Kalamu: Kipimo kingine: katika kila hotuba, hesabu mara ngapi wanatajwa waathirika wa 2007/08, wale zaidi ya 1,100 waliouawa na waliofukuzwa makwao. Linganisha na mara ngapi linatajwa neno "uhuru".